Je, Wajua? Ramani Nazo Zina Nahodha

Je, wajua kwamba programu inayoendesha majukwaa mengi ya intaneti ina jina la baharini? Jina lake, Kubernetes, ni neno la Kigiriki: mshika usukani wa chombo. Google iliitoa mwaka 2014, bure na wazi kwa kila mtu. Tazama nembo yake: usukani wa meli wenye vishikio saba.

Shehena yake ni makontena, ila si ya chuma. Kila moja hubeba programu na vyote inavyohitaji. Chukua mfano wa GeoNode, jukwaa huria la ramani. Sehemu yake iitwayo GeoServer huchora ramani ikiwa katika kontena lake. Hifadhidata ya PostGIS hukaa katika jingine. Kontena likizimika usiku wa manane, Kubernetes huwasha jingine mahali pake. Hakuna fundi anayeamshwa.

Lakini angalia: data isiyowekwa nje ya kontena hupotea nalo. Hilo ni kosa la kuumiza.

Nchini Tanzania, mpango wa Resilience Academy hutumia GeoNode kuhifadhi ramani, zikiwemo data zilizokusanywa na wanafunzi wa vyuo vikuu mitaani Dar es Salaam. Zimewekwa wazi. Ingia, utafute mtaa wako.