Kirusi Kinapobadili Sura, Kingamwili Hupotezaje Shabaha?

Tarehe 1 Februari 2021 Afrika Kusini ilipokea dozi milioni moja za chanjo ya AstraZeneca, zilizokusudiwa watumishi wa afya. Kabla ya juma moja kutimia, mpango wa kuzitoa ulisitishwa. Chanjo haikuwa imeharibika. Kirusi ndicho kilichokuwa kimebadilika. Aina mpya, ambayo baadaye iliitwa Beta, ilikuwa imeenea nchini humo, na utafiti ulionyesha kwamba chanjo hiyo ilitoa kinga ndogo mno dhidi ya ugonjwa usio mkali uliosababishwa nayo.

Kirusi cha korona huingia katika seli kwa miiba ya protini iliyokizunguka. Kingamwili zenye nguvu zaidi huwahi ncha ya mwiba na kuiziba kabla haijaigusa seli. Katika Beta, asidi amino ya 484 ya mwiba huo, yenye chaji hasi, ilibadilishwa na nyingine yenye chaji chanya. Ni badiliko moja kati ya asidi amino zaidi ya 1,200, lakini kingamwili nyingi zilipashika hapo hapo, nazo zikakosa mshiko. Omicron, iliyogunduliwa Novemba 2021, ilikuja na mabadiliko zaidi ya 30 katika mwiba.

Kirusi hakina hila, ingawa twapenda kusema hivyo. Hukosea kinapojinakili, na nakala inayoziponyoka kingamwili ndiyo huenea. Katika mwili uliodhoofika kinga, maambukizi huweza kudumu kwa miezi, na makosa hayo yakalimbikizana. Kwa hiyo mtu anayeishi na VVU akipata dawa zake bila kukatizwa, faida yake huvuka mwili wake mwenyewe.

Basi mgonjwa akiuliza, “Nilichanjwa, mbona nimeugua?” asijibiwe kwamba chanjo ni bure. Seli T hutambua vipande vingi vya kirusi, si ncha ya mwiba peke yake, na ni vigumu vyote vibadilike kwa pamoja. Ndiyo maana waliochanjwa huweza kuambukizwa, lakini wengi wao hawafikii kuhitaji oksijeni. Wazee na wenye kinga dhaifu ndio wa kuhimizwa kwanza kupata dozi ya nyongeza. Nacho kipimo cha kingamwili kisitumiwe kumwambia mtu kwamba yu salama: huonyesha kwamba mwili wake uliwahi kukutana na kirusi au chanjo, si kwamba utaiweza aina inayozunguka leo.