Urafiki wa Watoto Waliohamishwa Mpakani mwa Borabu na Sotik

Nyansiongo, mji mdogo wa wakulima wa chai katika eneo la Borabu, Kaunti ya Nyamira, ulikua kutokana na mashamba ya walowezi wa Kizungu ambayo serikali iliyanunua miaka ya 1960 na kuwagawia wakulima wadogo, wengi wao Wagusii. Na kwa kuwa mashamba hayo yanapakana na Sotik, waliko Wakipsigisi, watoto wa pande hizo mbili wamekua jirani ingawa lugha zao hazina asili moja, Ekegusii ikiwa ya Kibantu na Kikipsigisi ya Kinailoti. Mapigano yalizuka mpakani hapo mwanzoni mwa miaka ya 1990, yakarudi kwa ukali baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo majengo ya soko la Chebilat yaliteketezwa na familia zikakimbia kutoka pande zote mbili.

Urafiki wa utotoni, kwa maana ya kitaalamu, ni uhusiano ambao mtoto huuchagua mwenyewe na ambao mwenzake huukubali, na hapo ndipo unapotofautiana na undugu, ambao mtu huzaliwa nao. Miongoni mwa Wagusii wa zamani uchaguzi huo ulikuwa finyu. Robert na Barbara LeVine, walioishi Ugusii kati ya 1955 na 1957 na kuandika juu ya jamii waliyoiita Nyansongo katika kitabu kilichotoka mwaka 1966, walieleza jinsi mtoto alivyolelewa na omoreri, yaani mtoto mkubwa kidogo aliyekabidhiwa kumbeba na kumtunza mdogo wake, na jinsi wenzake wa kucheza walivyokuwa hasa ndugu na binamu wa boma lake na maboma ya karibu. Ilikuwa shule, pamoja na malisho, mto na soko, iliyomkutanisha mtoto wa mpakani na mwenzake asiye wa ukoo.

Uhamisho wa ghafla, basi, hutenda mambo mawili yanayopingana. Familia zinapolala katika madarasa na viwanja vya makanisa, boma kama mpaka wa mchezo huvunjika, na watoto ambao hawangefahamiana hujikuta kwenye foleni moja ya maji. Hata hivyo mpakani mwa Borabu na Sotik kila upande ulikimbilia kwa watu wake, hivyo marafiki wawili, mmoja Mgusii na mwingine Mkipsigisi, waliweza kuwa wakimbizi wa ndani kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake, bila njia ya kuonana. Hasara hii haionekani upesi, kwa sababu mtoto aliyepotewa na rafiki huonekana ametulia tu.

Mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport alidai mwaka 1954 kwamba kukutana pekee hakuondoi chuki baina ya makundi. Wanaokutana wanapaswa kuwa na hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano, na idhini ya wenye mamlaka. Mchezo wa kati hutimiza mengi ya masharti hayo: wawili hurushiana mpira wa soksi au wa karatasi zilizofungwa kamba, walio katikati huukwepa, na anayeguswa hutoka, awe mtoto wa nani. Sheria zake hujadiliwa kwa Kiswahili, tena kwa kelele nyingi, na mabishano hayo yenyewe ni mazoezi ya kusuluhishana. Sharti linalokosekana ni la mwisho, kwa kuwa idhini hutoka kwa watu wazima, na mzazi aliyechomewa nyumba si rahisi kuitoa.

Mwezi Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani ili kufunga kambi, na mwaka 2012 Bunge likapitisha sheria ya wakimbizi wa ndani inayotaka wapatiwe suluhisho la kudumu, yaani kurudi, kubaki walikokimbilia au kuhamia kwingine kwa hiari na usalama. Mipango ya aina hii huhesabu kaya, ekari na mabati, na ni haki ihesabu, lakini suala la shule atakayosoma mtoto ndilo linaloamua kama urafiki utaishi. Mzazi anayemhamishia mwanawe shule ya mbali na mpaka hana lawama, kwani anamlinda. Ila uamuzi huo ukirudiwa na mamia ya wazazi, shule zilizokuwa na watoto mchanganyiko hubaki za kabila moja, ijapokuwa hakuna aliyetoa amri. Ndiyo maana ulinzi wa njia za kwenda shule, na walimu kutoka jamii zote mbili katika shule za mpakani, vinastahili bajeti mapema kama vile mahema na mahindi ya msaada.