Chupa tatu ni ngapi? Tiba ya uraibu kando ya Tanganyika

Mvuvi wa Rumonge akiulizwa na muuguzi jana alikunywa kiasi gani, jibu huwa fupi: chupa tatu tu. Muuguzi akishika kalamu, hiyo "tu" inaanza kupoteza maana. Chupa ya Primus, bia ya kiwanda cha Brarudi, ina sentilita 72, na alkoholi yake ni asilimia 5. Hizo ni kama gramu 28 za alkoholi tupu ndani ya chupa moja. Dodoso la unywaji la Shirika la Afya Duniani, WHO, huhesabu gramu 10 kuwa kinywaji kimoja. Chupa tatu, basi, ni vinywaji vinane na nusu. Dodoso hilohilo huuliza ni mara ngapi mtu hunywa vinywaji sita au zaidi kwa mkao mmoja, na mvuvi wetu ameshafika sita kwa mafunda machache ya mwanzo ya chupa ya tatu.

Dodoso linaitwa AUDIT. Lina maswali kumi, halihitaji mashine wala damu, na linaulizwa kwa dakika chache. Liliandaliwa katika miaka ya 1980 kwa majaribio ya nchi sita, na Kenya ilikuwa mojawapo pamoja na Norway, Australia, Bulgaria, Mexico na Marekani. Alama zake zinaanzia 0 hadi 40. Anayefikisha 8 anakunywa kwa namna ya kujiumiza. Anayefika 20 na kupanda huenda pombe imeshamshika, naye anahitaji mtaalamu.

Bia ya kiwandani ina lebo, kwa hiyo hesabu yake ni rahisi. Urwarwa, pombe ya ndizi, haina lebo. Impeke, pombe ya mtama, hunywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, watu wameketi duara, na hakuna ajuaye nani amevuta kiasi gani. Kanyanga, pombe kali ya kupikwa gizani ambayo sheria ya Burundi imeipiga marufuku, hununuliwa kwa kificho na kunywewa haraka. Magharibi mwa Kenya watafiti walikutana na tatizo hilo, wakachukua sampuli za pombe za kienyeji na kuzipima. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010 yalionyesha kuwa busaa ilikuwa na wastani wa asilimia 4 ya alkoholi, na chang'aa asilimia 34. Kuanzia hapo kikombe cha mnywaji kikaweza kugeuzwa kuwa gramu. Kazi kama hiyo haigharimu mamilioni, na urwarwa wa pwani ya Tanganyika unastahili kufanyiwa vilevile.

Rumonge iko kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya RN3 inayofuata ukingo wa ziwa. Mji huo ulikuwa makao makuu ya mkoa wa jina hilo tangu 2015; katika mgawanyo mpya wa mwaka 2025 umeingizwa mkoa wa Burunga. Ni mji wa mawese na samaki. Michikichi imetanda nyuma yake, na mbele yake kuna mialo ya ndagala na mukeke. Kirundi ndicho lugha ya nyumbani, lakini sokoni na mwaloni Kiswahili kimeota mizizi, na kimeongezewa nguvu na waliokulia Tanzania. Umwagaji damu wa mwaka 1972 ulianzia kusini mwa nchi, Rumonge ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia mapema, na maelfu walivuka mpaka wakaishia Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengi walianza kurudi kwa wingi mwaka 2008, na baadhi yao wakakuta mashamba yao yana watu wengine. Mganga mzuri wa uraibu huuliza mtu amepitia nini kabla ya kumuuliza anakunywa nini.

Uvuvi nao una mazingira yake. Kazi ni ya usiku, malipo ni ya papo kwa papo alfajiri, na hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi wa kumfanya mtu apange. Watafiti wa Uganda waliochapisha kazi yao mwaka 2012 kuhusu mialo ya Ziwa Victoria waliikuta pombe imefungamana na maisha ya wavuvi na tabia za hatari zinazoambatana nayo. Hakuna sababu ya kudhani kwamba ziwa jirani ni takatifu zaidi.

Sasa mvuvi wetu akitaka kuacha, aende wapi?

Jina linalotajwa kwanza nchini Burundi ni Kamenge. Kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, jijini Bujumbura, kinaendeshwa na watawa wa shirika la Mabruda wa Upendo tangu mwaka 1981, na kina matawi Gitega na Ngozi. Kwa miongo mingi ndicho kimebeba mzigo wa nchi nzima. Kwa familia ya Rumonge, Kamenge ni safari. Maji ya ziwa yalipopanda sana mwaka 2024, sehemu za pwani zilizama na barabara ikateseka. Na uhaba wa mafuta ya gari uliodumu kwa miaka kadhaa umeifanya nauli kuwa jambo la kuuzia mbuzi. Mgonjwa anayeweza kufika huko mara moja huenda asiweze kurudi mara ya pili, na uraibu hautibiwi kwa safari moja.

Kuna kosa ambalo familia zenye nia njema hulifanya kabla hata ya kufikiria nauli. Humfungia mtu chumbani ili aache pombe kwa nguvu, leo hii. Kwa mnywaji wa wikiendi hilo ni usumbufu tu. Kwa mtu anayeamka mikono inatetemeka mpaka azimue kwanza ndipo aweze kufunga vifungo vya shati, linaweza kuwa hukumu ya kifo.

Sababu iko ubongoni. Alkoholi huongeza nguvu ya kemikali ya kutuliza inayoitwa GABA na kuibana ile ya kuamsha, glutamati. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo hujirekebisha: hupunguza utulivu wake wenyewe na kuongeza uamsho, ili aweze kutembea na kuzungumza hata akiwa amelewa. Pombe ikiondolewa ghafla, marekebisho hayo hubaki bila kitu cha kuyapinga. Saa sita hadi kumi na mbili baadaye huanza kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kupata kifafa ambacho hajawahi kuwa nacho maishani. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi huingia katika hali ambayo madaktari huiita deliriamu: homa, kuona wadudu ukutani, kutomtambua mke wala mtoto. Bila matibabu, wapo wanaokufa.

Mpeleke mtu huyo majini. Ameacha jana kwa sababu mkewe amemlilia, leo jioni anapanda mtumbwi kama kawaida, na saa sita ya usiku kifafa kinamkuta juu ya ziwa lenye kina cha mita 1,470. Mwaloni watasema amelogwa, au kwamba pombe imemwua, kumbe ni kukosekana kwake ghafla kulikomwangusha.

Dawa ya kuzuia hayo si ya ajabu. Diazepamu, inayotolewa kwa dozi zinazopunguzwa siku hadi siku, hushika nafasi ya pombe wakati ubongo unajirudi. Pamoja nayo huenda vitamini B1, yaani thiamini, ambayo walevi wa muda mrefu huwa wameishiwa nayo kwa kuwa hunywa badala ya kula. Hiyo B1 hutangulia kabla ya dripu ya sukari. Ukianza na sukari, unaweza kumalizia akiba kidogo iliyobaki na kumwachia mgonjwa ubongo ulioharibika na kumbukumbu isiyorudi. Dawa zote mbili zimo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Mwaka 2023 ziliongezwa humo pia naltreksoni na akamprosati, zinazosaidia mtu asirudie chupa baada ya wiki hizo ngumu. Hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji mashine au chumba cha upasuaji. Inayohitajika ni hospitali ya wilaya yenye mtu aliyefunzwa na stoo isiyokauka.

Heroini ni mambo mengine. Bujumbura vijana huijua kwa jina la boost, na kuna chama kiitwacho BAPUD kilichoanzishwa na watu waliopitia matumizi ya dawa za kulevya. Kule Tanzania heroini huitwa unga, na mateja, yaani waraibu wake, huyaita mateso ya kuukosa arosto: mifupa inauma, tumbo linakatika, usingizi hakuna. Tofauti na pombe, arosto huwa nadra kuua. Hatari yake huja baadaye. Mtu aliyekaa wiki kadhaa bila unga mwili wake umesahau kiwango cha zamani, na akirudia dozi aliyoizoea, pumzi inaweza kusimama. Ndiyo maana "kumsafisha" mtu na kumrudisha kijiweni bila tiba nyingine ni kumweka karibu na kaburi kuliko alivyokuwa.

Tiba iliyothibitika ni methadoni, ya kunywa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki yake Februari 2011, ya kwanza ya serikali katika nchi za Afrika bara kusini mwa Sahara. Mwananyamala na Temeke zikafuata, na Kenya ikaanza Mathari mwishoni mwa 2014. Lakini neno "kila siku" ndilo linaloziacha nyuma Rumonge na miji yote mfano wake. Hakuna mvuvi atakayesafiri kilomita 70 kila asubuhi kwa ajili ya kikombe kimoja cha dawa. Marekani iliidhinisha mwaka 2017 sindano ya buprenofini inayofanya kazi mwilini kwa mwezi mzima. Kwa mji wa namna hii, sindano moja kama hiyo ina thamani kuliko tiketi thelathini za basi, na wanaopanga bajeti za dawa wangepaswa kuipigia hesabu hivyo.

Matumaini makubwa zaidi kwa wanywaji, hata hivyo, yametoka mahali ambapo hakuna dawa mpya iliyotumika. Katika kliniki za VVU mjini Eldoret, chini ya mpango wa AMPATH, watafiti walichukua tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na mazoea, wakaiandaa upya kwa Kiswahili na kwa maisha ya watu wa huko, kisha wakawafunza washauri ambao si madaktari wa akili kuiendesha katika vikundi. Mtu hujifunza kutambua saa na watu wanaomvuta kwenye pombe. Hufanya mazoezi ya kukataa: mwenzake anaigiza rafiki anayemnunulia, naye anatafuta maneno ya kujibu bila kuvunja urafiki. Wanacheka, wanarudia, mpaka ulimi unazoea.

Jaribio la kwanza, lililochapishwa mwaka 2011, lilikuwa na watu 75. Siku 90 baada ya tiba, asilimia 69 ya waliopata mazungumzo hayo walikuwa hawanywi, dhidi ya asilimia 38 ya waliopata huduma ya kawaida. Idadi ndogo hudanganya, kwa hiyo walirudia kwa watu 614 na vikao sita, kimoja kwa wiki. Safari hii kundi la kulinganishwa nalo lilikaa vikao sita vya elimu ya afya, ili isije ikasemwa kwamba kilichosaidia ni kukutana tu na kunywa chai. Matokeo yalitoka mwaka 2021: kwa muda wa miezi tisa, waliopata tiba walikunywa siku chache zaidi, na hata walipokunywa walikunywa kidogo zaidi.

Zanzibar kumefuatwa njia nyingine, ya sober house, nyumba ambazo waraibu huishi pamoja kwa miezi wakisimamiwa na walioacha. Suleiman Mauly, aliyekuwa mtumiaji wa heroini, alikuwa miongoni mwa walioanzisha ile iitwayo Detroit mwaka 2009. Nyumba hizo zimeokoa wengi, lakini mwenye watoto wanaomsubiri alete samaki hawezi kulala humo miezi mitatu.

Kwa Rumonge, tiba ya Eldoret ndiyo inayokaribia zaidi kutoshea. Lugha ipo. Wahudumu wa afya wa jamii, abaremeshakiyago, wapo kila kilima na wanajua nani anakunywa nini. Hata ratiba ipo, ukiitazama angani. Ndagala huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikikolea samaki hawakusanyiki kwenye mwanga, hivyo mitumbwi hupumzika kwa siku kadhaa kila mwezi. Siku hizo wavuvi wako nchi kavu, hawana kazi, na wana hela ya mwisho mfukoni. Ndizo siku za kunywa kuliko zote, na ndizo ambazo kikao kingewakuta wote. Kliniki inayofunguliwa Jumatatu asubuhi, wakati mvuvi amelala baada ya usiku wa kazi, itakaa tupu na baadaye kuandikiwa ripoti kwamba watu hawataki tiba.

Mpaka mpango wa aina hiyo uanze, aliye na ndugu anayekunywa kila siku na kuamka akitetemeka asimfungie wala asimwambie aache leo. Ampeleke kwanza kituo cha afya, aeleze wazi kiasi anachokunywa na saa aliyokunywa mara ya mwisho. Akianguka kifafa, akipata homa au akianza kuona visivyokuwepo, asisubiri asubuhi: apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na asiingie mtumbwini mpaka daktari amruhusu.