Diski Mbili Zikifa kwa Mpigo: Ufanyeje na Seva ya Kazini?

Wengi wetu huku ughaibuni tunajisaidia ada na kodi ya chumba kwa vibarua vya kompyuta: maktaba, ofisi ya idara, kampuni ndogo mjini. Siku za kwanza unabadilisha wino wa printa na kuwafungulia watu waliosahau pasiwedi. Halafu yule bwana mwenye seva anakwenda likizo na funguo za chumba unaachiwa wewe. Makala hii ni kwa ajili ya asubuhi ile utakapokuta taa mbili za rangi ya machungwa zinawaka badala ya moja, na ndani ya seva hiyo mna tasnifu za watu na hesabu za mishahara.

Kwanza tuelewane RAID ni kitu gani, maana wengi tunaisikia tu. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa andiko lililosema kwamba badala ya kununua diski moja kubwa ya bei mbaya, afadhali kuunganisha diski nyingi ndogo za bei rahisi zifanye kazi kama moja. Shida ni kwamba zikiwa nyingi, hakosi mmoja wa kufa, kwa hiyo lazima pawe na ziada ya kufidia. Ziada hiyo ndiyo pariti.

Pariti si uchawi, ni hesabu ya shufwa na witiri tuliyosoma shule ya msingi. Chukua diski nne. Tatu zina 1, 0 na 1. Ya nne inaandikiwa namba itakayofanya jumla ya moja zote iwe shufwa. Hapa tayari ziko mbili, basi inaandikwa 0. Diski ya pili ikifa unabaki na 1, 1 na 0. Jumla ni shufwa, kwa hiyo aliyepotea ni 0, huna haja ya kubahatisha. Lakini zikifa mbili? Huenda zilikuwa 0 na 0, huenda 1 na 1, na hesabu haikwambii ni ipi. Ndiyo maana RAID 5 inavumilia kifo kimoja tu. RAID 6 ina hesabu ya pili tofauti, inavumilia viwili. RAID 10 inaweka diski jozi jozi: zinaweza kufa mbili ukapona, lakini zikifa zote mbili za jozi moja, kwisha habari.

Sasa utasema diski mbili kufa pamoja ni mkosi wa mara moja maishani. Si kweli. Huyo huyo Gibson pamoja na Bianca Schroeder walichapisha utafiti mwaka 2007 uliolinganisha maneno ya watengenezaji na mambo yalivyo kwenye vyumba vya seva. Karatasi za kiwandani zilionyesha kwamba kwa mwaka zingekufa 0.88% kwa wingi. Wao walikuta diski zinazobadilishwa ni asilimia 2 hadi 4 mara nyingi, na kwingine mpaka 13. Walikuta pia kwamba vifo havifuati bahati nasibu: kimoja huja na wenzake. Fikiria mwenyewe: diski zako zimenunuliwa siku moja, zimetoka kiwanda kimoja, zinakaa kwenye joto moja na kunywa umeme mmoja. Hao ni mapacha, wanazeeka pamoja.

Mfano mzuri ni wa HPE, mwezi wa 11 mwaka 2019. Kampuni hiyo iliwatangazia wateja kwamba baadhi ya diski zake za SSD zilikuwa na kasoro kwenye programu iliyomo ndani ya diski yenyewe: zikifikisha saa 32,768 za kufanya kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, zinakufa, na data hairudi. (Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15, wa sayansi ya kompyuta wameshacheka.) Hebu piga picha: seva yenye diski nane zilizowashwa siku moja, zote zinakata roho takriban saa moja! Hapo hata RAID 6 haikusaidii.

Njia nyingine ya kupata kifo cha pili ni matibabu ya kifo cha kwanza. Ukiweka diski mpya, kontrola inasoma diski zote zilizobaki mwanzo hadi mwisho ili kuijaza. Diski ya TB 8 kwa mwendo wa MB 150 kwa sekunde ni karibu saa 15, na hapo hakuna mtu mwingine anayeitumia. Ofisi ikiwa kazini, hesabu siku kadhaa. Huenda mzee mmoja kati ya waliobaki ana sehemu mbovu ambayo haijaguswa mwaka mzima. Leo ndiyo inaguswa.

Haya, taa mbili zinawaka. La kwanza: toa mikono. Nasema kweli, data nyingi huuawa na fundi baada ya ajali kuliko na ajali yenyewe. Usichomoe diski "kujaribu". Skrini ikikuuliza kama uanzishe upya au uunde mpangilio mpya, jibu ni hapana. Wala usikimbilie programu za kurekebisha mafaili, kwa sababu zinaandika juu ya kile unachotaka kukiokoa. Mwambie bosi mapema, kwa maneno mepesi: seva imesimama, tusiiguse, nahitaji diski tupu na muda.

La pili, soma logi. Unatafuta jambo moja kubwa: ipi ilitoka kwanza, na lini. Mara nyingi utakuta kumbe ya kwanza ilikufa wiki tatu zilizopita na barua pepe za onyo zilikuwa zinakwenda kwa mtu aliyeacha kazi. Hiyo ina data ya zamani, iache pembeni. Ya thamani ni iliyotoka mwisho, maana data yake inakaribiana na ya wenzake. Ukiirudisha ile ya wiki tatu kwa nguvu, unachanganya ya zamani na ya leo, na hapo unapata uji. Kwenye Linux, mdadm inakuonyesha hesabu ya matukio ya kila diski. Zinazokaribiana ndizo zinazokwenda pamoja. Zikiwa zimetoka zote kwa sekunde moja, shuku kebo, pawa saplai au kontrola kabla ya kushuku diski. Huenda hakuna aliyekufa.

La tatu, zima, kisha andika kwa kalamu ya wino mzito namba ya sloti juu ya kila diski kabla ya kuitoa. Nakili kila moja, biti kwa biti, kwenye diski mpya kwa ddrescue, ambayo huanza na sehemu nzima na kurudia zile mbovu baadaye. Majaribio yote ya kuunganisha upya yafanyike kwenye nakala. Ikifunguka, ifungue kwa kusoma tu na utoe kwanza yasiyopatikana kwingine. Diski ikiwa inagonga tak-tak, usiiwashe tena: hiyo ni kazi ya maabara ya kuokoa data, na bei yao inauma.

Na kama bekapu ipo na imewahi kujaribiwa kurudishwa, ruka yote hayo, weka diski mpya na urudishe. RAID haikuwa bekapu kamwe. Faili lililofutwa kwa bahati mbaya linafutika kwenye diski zote papo hapo. Wenzetu mtakaorudi nyumbani, kwenye umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, ongezeni UPS. Diski iliyozunguka miaka mitano bila kupumzika, ikizimwa ghafla huenda isiamke tena.

Mkiagiza mpya, changanyeni tarehe za kiwandani, hamieni RAID 6, na wekeni ukaguzi wa diski zote kila mwezi. Debian huufanya yenyewe Jumapili ya kwanza. Angalieni pia ukubwa: diski mpya ikipungua hata kidogo kuliko ile ya zamani, kontrola itaikataa.