Karata za kupanga ni somo, si uzembe

Neno karata likitajwa mbele ya wazazi wa Garissa, aghalabu hupokewa kwa uso wa kukunjamana. Wala si ajabu. Kwa wengi neno hilo huleta picha ya turub, kama Wasomali waziitavyo karata, zikipigwa kivulini tangu adhuhuri hadi jua kuchwa, miraa ikiwa mkononi na kazi za nyumbani zikiwa zimelala. Picha hiyo ina ukweli wake, nami sikusudii kuikanusha.

Ninalokusudia ni kumwomba mwalimu mwenzangu, pamoja na mwanafunzi asomaye ukurasa huu, atenganishe mchezo wa kupoteza wakati na mchezo wa kujipanga. Huu wa pili una elimu ambayo shule zetu za Kaskazini Mashariki zinaihitaji, na ambayo watoto wetu wanayo nusu yake tayari kabla hawajafika darasani.

Mchezo ninaousema ulizaliwa Marekani mwaka 1993, pale mtaalamu wa hisabati aitwaye Richard Garfield alipobuni Magic: The Gathering, ukachapishwa na kampuni ya Wizards of the Coast. Baadaye ulifuatwa na mingine ya jamii yake, kama vile Pokémon na Yu-Gi-Oh! ya Japani. Katika karata tulizozizoea, wachezaji hugawiwa kutoka fungu moja la karata 52. Katika mchezo huu kila mtu huja na fungu lake, alilolipanga mwenyewe kwa kuchagua miongoni mwa maelfu ya karata zenye uwezo mbalimbali.

Kanuni za kawaida za Magic huagiza kwamba fungu lisipungue karata 60, na karata ya jina moja isizidi nakala 4, isipokuwa karata za ardhi ya msingi. Ardhi ndiyo chemchemi ya nguvu inayomwezesha mchezaji kuzitumia nyingine zote. Kila mmoja huanza na karata 7 mkononi. Kwa hiyo nusu ya mchezo huwa imekwisha kuchezwa kabla ya wapinzani kuketi. Tunaposema kwa Kiswahili kwamba fulani amechanga karata zake vyema, hatuna budi kuuliza pia kama alizichagua vyema.

Wapangaji huwa na njia tatu. Wapo wanaopanga fungu la haraka, lililojaa karata ndogo zenye kushambulia mapema, ili mpinzani ashindwe kabla hajajikusanya. Wapo wanaopanga fungu la subira, la kuzuia kila pigo mpaka wakati wa karata kubwa ufike. Na wapo wanaopanga fungu la namna nyingi, lenye uwezo wa kushambulia penye mwanya na kujihami penye hatari. La haraka humwangusha mzembe lakini huishiwa na pumzi. La subira hutamba katika mchezo mrefu lakini huweza kuvamiwa likiwa bado linajipanga. La namna nyingi huenda lisiwe la kwanza kwa kasi wala kwa nguvu, lakini si rahisi kulikuta halina jawabu.

Hapa ndipo wanagenzi wengi hupotea. Hudhani kwamba namna nyingi maana yake ni kutia kila kitu: karata moja ya hili, moja ya lile, na mbili za jingine. Fungu la aina hiyo halina mgongo. Mshika mbili moja humponyoka, na mwenye kubeba kila silaha hukosa hata moja iliyonolewa. Fungu bora la namna nyingi lina kiini kinachojulikana, yaani karata chache zinazobeba mpango mkuu, kisha nyingine zote huchaguliwa kwa swali moja: hii yanisaidia wapi pale mpango wangu utakapokwama? Katika mashindano ya Magic mchezaji huruhusiwa pia karata 15 za akiba, ambazo baada ya mchezo wa kwanza aweza kuzibadilisha na zilizo ndani kulingana na mpinzani aliyemwona.

Msomaji wa Garissa, Wajir au Mandera akilisikia jambo hili atatabasamu, kwa sababu analijua kwa jina jingine. Huko kwetu huitwa kuchunga mifugo.

Mfugaji mwenye busara hapangi kundi lake kwa kupenda mnyama mmoja. Mbuzi na kondoo hubeba mimba kwa muda wa miezi 5 hivi, basi hao ndio karata zake za haraka: baada ya msiba, ndio wa kwanza kuirudisha nyumba katika hali yake. Ng'ombe hubeba miezi 9, ana bei nzuri katika soko la mifugo la Garissa, lakini hutegemea nyasi na hawezi kukaa mbali na maji. Ngamia hubeba mimba kwa muda wa miezi 13 hivi, hivyo kundi lake hukua polepole mno. Hata hivyo hula majani ya miti iliyo juu, hustahimili siku nyingi bila maji, na maziwa yake huendelea kutoka wakati wa Jilaal, kiangazi kikali cha kati ya Januari na Machi, ng'ombe wakiwa wamekwisha kukauka. Punda naye hahesabiwi katika utajiri, ila pasipo yeye maji hayafiki nyumbani.

Mfugaji huyo hujua pia kuligawa kundi. Ngamia wasiokamwa hupelekwa mbali na vijana kutafuta malisho, na wale wa maziwa hubakia karibu na watoto na wazee. Mvua za Gu zikinyesha huwa na mpango mmoja. Zikikataa huwa na mwingine. Hizo ndizo karata zake za akiba.

Kwamba haya si maneno ya kupamba ukurasa, ukame ulithibitisha. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika. Mizoga ya ng'ombe ilitapakaa kando ya njia zetu. Kisha, mwishoni mwa 2023, El Niño ikaleta mafuriko yaliyoikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi. Ardhi ile ile, katika muda wa miaka mitatu tu, ilimjia mfugaji na wapinzani wawili wasiofanana hata kidogo.

Wala michezo ya kujipanga si mgeni kwetu. Wazee wa Kisomali wana shax, inayochorwa mchangani kwa miraba mitatu iliyomo mmoja ndani ya mwingine, yenye vituo 24. Kila mchezaji ana kete 12. Kwanza huziweka moja moja kwa zamu mpaka vituo vyote vijae, ndipo kuondoa na kusogeza kuanze. Aliyeziweka ovyo katika awamu ya kwanza hujikuta amefungwa katika ya pili, na ustadi wa kusogeza haumwokoi. Huo ni upangaji wa fungu, ila kwa vijiwe na vijiti.

Basi katika chama cha hisabati cha shule moja ya sekondari mjini Garissa, tulijaribu kuyaunganisha mambo haya. Tulikata karatasi za manila, tukachora karata zetu wenyewe: za maji na malisho, za wanyama, na za matukio kama vile mvua, ukame, soko na chanjo. Kila mwanafunzi alipanga fungu la karata 30 kutoka kapu lile lile, na hakuna karata ya mnyama wala ya tukio iliyoruhusiwa kuzidi nakala 3. Ng'ombe alitoa maziwa mengi lakini alidai karata mbili za maji. Mbuzi alidai moja, akatoa kidogo. Ngamia alingojewa zamu 3 kabla ya kutoa chochote, ila ukame haukumgusa. Kila mmoja alianza na karata 5 mkononi.

Hesabu ilijileta yenyewe. Mwanafunzi mmoja aliweka karata 6 tu za maji, akajaza zilizobaki kwa wanyama. Tuliwaomba wenzake wakadirie ni mara ngapi angeanza bila maji yoyote. Wakipiga hesabu waliona kwamba hali hiyo ingemkuta karibu mara 30 katika kila michezo 100. Akiongeza maji yawe 12, balaa hilo hushuka hadi mara 6 hivi. Waliona pia kwamba karata yenye nakala moja huonekana katika mkono wa kwanza mara 1 katika 6, na yenye nakala 3 mara 43 hivi katika 100. Wanafunzi waliokuwa wakisinzia nikiwatajia sarafu na dadu walinifuata hadi ofisini kubishana juu ya sehemu na desimali.

Siku moja kijana mmoja, mtoto wa mjini, alileta fungu la ng'ombe watupu. Lilitisha. Alishinda michezo miwili kwa haraka, kisha akaketi na msichana wa kidato cha pili aliyekuwa na ngamia watatu, mbuzi kadhaa, na nakala mbili za soko. Ukame ulipotoka, ng'ombe wote wa yule kijana walikwenda. Msichana alikuwa amekwisha kuwauza mbuzi wake sokoni zamu moja kabla, na ngamia wake wakaanza kutoa maziwa. Nilimwuliza ni nani aliyemfundisha kupanga namna ile. Akajibu pasipo kuinua macho: "Mwalimu, sisi tulikuwa na ng'ombe peke yake."

Sikuuliza zaidi, na mpinzani wake naye alinyamaza. Ila jambo moja lilinikaa moyoni. Mtoto yule alikuwa akihesabiwa darasani kuwa dhaifu katika hisabati. Kumbe alijua maana ya kuihatarisha mali yote kwa tukio moja kuliko tuliomfundisha. Tatizo ni kwamba hapakuwa na mtu aliyewahi kumwuliza swali hilo kwa lugha aliyoiishi.

Nazijua hoja za wanaopinga, nazo zastahili heshima. Wa kwanza watasema kwamba karata ni mlango wa kamari. Hofu hiyo ina msingi, hasa katika nchi hii ambamo vijana wengi wamenaswa na kubeti kwa simu. Tena hata michezo hii ya kigeni ina doa: karata zake huuzwa katika pakiti zilizofungwa, mnunuzi asijue ameuziwa nini mpaka afungue, na mwenye fedha hujikusanyia karata adimu ambazo maskini atazisikia tu. Ndiyo maana nashikilia kwamba zile za shule zichorwe shuleni. Kapu liwe moja kwa wote, pasiwekwe dau hata la peremende, na saa ya sala ikifika karata zifungwe. Kamari ni kuiachia bahati mali yako. Kupanga fungu ni kujifunza bahati inaishia wapi na akili inaanzia wapi.

Wa pili watasema kwamba hatuna walimu wa kutosha wa masomo yenyewe, sembuse ya michezo. Hili ni la kweli na ni chungu. Mnamo Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, katika kaunti hii ya Garissa, na baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Yapo madarasa yaliyobaki na ubao na vumbi. Lakini hoja hiyo yanitia nguvu zaidi. Mahali penye mwalimu mmoja kwa madarasa matatu, kitu kinachoweza kuwafanya wanafunzi thelathini wapige hesabu wao kwa wao kwa saa nzima, pasipo kusimamiwa kwa fimbo, si anasa hata kidogo.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, wasisitiza kufikiri kwa kina na kutatua matatizo, na kumtaka mwalimu atumie mazingira ya mwanafunzi. Mazingira ya mwanafunzi wetu ni mto Tana na visima, Gu na Jilaal, ngamia na mbuzi. Mwalimu aliyetoka Kakamega au Kitui hana haja ya kuyajua yote hayo siku ya kwanza. Na atoe manila na kalamu, awaachie wanafunzi wamwambie kila mnyama ana thamani gani na anadai maji kiasi gani. Yeye atawapa hesabu. Wao watampa nchi.

Nawaomba basi walimu wakuu watoe saa moja kwa juma kwa ajili ya chama cha namna hii, na wazazi waje watazame kabla ya kuhukumu. Nanyi wanafunzi, mnapopanga fungu lenu, msivutiwe na karata kubwa pekee. Jiulizeni mtafanya nini mvua isiponyesha. Kisha jiulizeni swali hilo hilo juu ya masomo mnayochagua, na juu ya kazi mnazotumaini kuzipata, maana miaka iliyopita imekwisha kutuonyesha kwamba mvua hukosa kunyesha.