Mama Anayefagia Theluji

Mwanamume wa makamo anachechemea uwanjani akimtafuta mama yake. Anamkuta nje ya hospitali ya wazee, ufagio mkononi, akifagia njia huku theluji ikizidi kuanguka. Anamuuliza anafanya nini. Mama hamtambui. Anamjibu kwa upole, kama mtu anayezungumza na mpita njia, kwamba anamfagilia mwanawe asije akateleza akienda shule, maana mguu wake mmoja si mzima.

Mwana mwenyewe ndiye huyo aliyesimama mbele yake, na mguu wa bandia ndio huo. Tangu utotoni alimwona mama yake kuwa mkavu, mtu asiyembembeleza hata alipoanguka. Leo ndipo anapojua ni nani aliyekuwa akiamka alfajiri kumsafishia njia.

Onyesho hilo limo katika sehemu ya mwisho ya Nuni Busige, tamthilia ya sehemu 12 iliyorushwa na kituo cha JTBC mwaka 2019. Jina lake lina maana ya mng'aro unaotia macho kiwi. Na katika Kikorea neno nun ni jicho, na ni theluji pia.

Mama ni Kim Hye-ja, mzaliwa wa 1941, ambaye Wakorea walikwisha kumzoea kama mama wa taifa zima kwa Jeonwon Ilgi, tamthilia ya maisha ya kijijini iliyodumu tangu 1980 hadi 2002. Humu anaigiza binti wa miaka 25 aliyeamka siku moja akajikuta bibi kizee. Tunacheka naye anapokasirikia magoti yake. Mwanamke anayemwita mama ni Lee Jung-eun, mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 25, nasi tunalikubali hilo kama mchezo. Kumbe si mchezo. Ni kizee kweli, ugonjwa wa Alzheimer umemchanganyia miaka, na huyo "mama" ni mkwewe, mke wa mwanawe.

Baada ya kulijua hilo nilirudi kuitazama upya tangu mwanzo, na macho ya Lee Jung-eun ndiyo yaliyoniumiza zaidi. Ule ukimya wake mezani, niliodhani ni uchovu wa mama mwenye nyumba, ulikuwa wa mtu anayeitikia jina lisilo lake ili mgonjwa asitishike.

Tamthilia nyingi za Kikorea hutulazimisha kulia kwa mvua na muziki. Kim Hye-ja, pale kwenye theluji, halii kabisa. Anayelia ni Ahn Nae-sang, aliyeigiza mwana, na hata yeye analia akijizuia. Anamwambia mama kwamba mwanawe hakuwahi kuteleza, hata mara moja. Uso wa Kim unafunguka polepole, shavu hadi jicho, kwa furaha ya mama aliyeletewa habari njema na mtu asiyemjua.