Programu Imekufaje?

Kalama, kusini mwa mji wa Machakos, mvua ya vuli ndiyo inayoaminika zaidi kuliko masika, na kati ya Juni na Septemba mwezi mzima unaweza kupita bila tone. Tuchukue mwanafunzi wa huko anayeandika programu fupi kwa lugha ya C. Inasoma vipimo vya mvua vya mwezi, inajumlisha milimita, kisha inagawanya kwa idadi ya siku zilizonyesha. Kwa Aprili inajibu vizuri. Kwa Agosti inaanguka.

Kwenye Linux, kompyuta inamlaumu kwa hitilafu ya hesabu za desimali, ilhali programu yake haina desimali hata moja. Lawama hiyo hutokana na ishara iitwayo SIGFPE, yenye jina linalopotosha: hutumwa pia namba nzima inapogawanywa kwa 0. Ndipo anapofungua dibaga, yaani chombo cha kuchunguza programu inavyoendeshwa, tuseme GDB, ambayo Richard Stallman aliianza mwaka 1986.

Programu huondoka kama mgeni: ama inaaga yenyewe, ama inatolewa nje kwa nguvu. Ikiaga, huacha namba, msimbo wa kutoka. 0 maana yake kila kitu ni shwari. Ikitolewa, kerneli, kiini cha mfumo endeshi, huiua kwa ishara: SIGFPE ni namba 8, SIGSEGV ya kugusa kumbukumbu isiyo yake ni 11, SIGKILL ni 9. Kerneli huzihifadhi habari hizi mahali tofauti ndani ya neno moja dogo: baiti moja ya msimbo, biti 7 za ishara.

Sheli, programu inayopokea amri kwenye terminali, huzichanganya. Ikiulizwa, huongeza 128 kwenye namba ya ishara, kwa hiyo kifo cha Agosti huonekana kama 136. Lakini programu ingeweza kuaga yenyewe kwa 136, na mtu asijue tofauti. Dibaga inajua, kwa kuwa husoma neno lenyewe la kerneli. Tena huiwahi: SIGFPE inapofika, GDB husimamisha programu ikiwa bado hai na kuonyesha mstari wa mgawanyo. Ukiiruhusu iendelee ndipo hutangaza kwamba imekufa na haipo tena. Kwa SIGKILL hakuna fursa hiyo. Dibaga huletewa tanzia tu.

GDB nayo ina vituko vyake. Msimbo wa kutoka huuandika kwa mfumo wa nane, hivyo programu iliyoaga kwa 10 itaripotiwa kuwa imetoka na 012. Wengi huhangaika wakitafuta hiyo 12 kwenye programu zao. Kibaya zaidi ni udogo wa ile baiti: haivuki 255. Mwanafunzi wetu akiamua programu iage kwa idadi ya siku za ukame katika mwaka, siku 256 zitageuka 0, na dibaga itasema imetoka salama.

Ripoti hiyo ya salama ndiyo ninayoiogopa. Mpe mwanafunzi simu badala ya kompyuta. Simu nyingi hutumia prosesa za ARM, ambazo zikigawanya namba nzima kwa 0 hutoa 0 bila kulalamika. Hakuna ishara, hakuna kifo. Dibaga inaona programu iliyoaga kwa adabu, na Agosti ina wastani wa 0 kana kwamba umepimwa.

Kenya iliwahi kuona kosa la namna hii kwa macho ya nchi nzima. Katika uchaguzi wa Machi 2013, kura zilizokataliwa zilionekana kwenye skrini kuwa zaidi ya 300,000. Tume ya uchaguzi ilieleza baadaye kwamba kosa la kikompyuta lilikuwa likizizidisha kwa 8. Namba ziliendelea kupanda tu. Kosa la aina hiyo halihitaji mfumo kuanguka.

Dibaga hujibu programu iliondokaje, haijibu kama ilisema kweli. Hilo la pili inabidi mwandishi alilazimishe. Kwa programu ya mvua, mistari miwili kabla ya mgawanyo inatosha: kama siku zilizonyesha ni 0, andika kwamba wastani haupo, kisha toka kwa msimbo 10. Hapo simu na kompyuta zitaaga kwa namna moja, na GDB itaandika 012 kwa zote mbili.